Viatu Visivyotembea

Mwanaume niliyeishi naye Kibamba kwa miaka sita alivaa viatu namba arobaini na nne. Hilo ndilo jambo pekee nililolijua kumhusu, maana mwanaume mwenyewe hakuwepo. Vilikuwepo viatu tu, jozi moja ya ngozi nyeusi, ya kufunga kwa kamba, niliyoinunua mtumbani na kuiweka nje ya mlango wangu siku ya pili baada ya kuhamia.

Wazo lilikuwa la dada yangu, aliyebaki kwetu Iringa. "Mwanamke hakai peke yake pembezoni mwa mji hivihivi," aliniambia kwenye simu. "Weka viatu vya mwanaume mlangoni. Vikubwa." Dada yangu ana ushauri kwa kila jambo chini ya jua, na ubaya wake ni kwamba mara nyingi huwa ni ushauri mzuri.

Nilivichagua kwa makini kuliko nilivyowahi kumchagua mwanaume wa kweli. Raba nilizipita, kwa sababu mwenye raba huenda ni kijana tu, na kijana hamtishi mwizi. Sendo nazo niliona ni za mtu mpole. Nilitaka mtu mzima, mzito, asiyependa maswali. Muuza mitumba aliponiuliza mzee wangu anavaa namba ngapi, nilimjibu, "Kubwa." Akanipa hiyo arobaini na nne. Vilikuwa kama vipya, namba bado inasomeka vizuri chini ya soli.

Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja. Sijaolewa, na kule nyumbani walishachoka kuniuliza. Kazi yangu ni kutafsiri. Watu nisiowajua hunitumia maandishi ya Kiingereza kwa barua pepe, nami nawarudishia ya Kiswahili kwa njia hiyohiyo. Ni kazi nzuri kwa mtu asiyependa kusimamiwa, lakini haina mtu wa kupiga naye soga. Zilikuwepo siku ambazo jioni ilifika nikagundua kwamba tangu asubuhi sijatoa sauti, isipokuwa labda kikohozi.

Tulikuwa nyumba tatu ndogo za kupanga kwenye kiwanja kimoja, na bomba moja la maji katikati. Moja ilikuwa ghala la mwenye nyumba. Nyingine alikaa fundi cherehani, mwanamke wa rika langu aliyezaliwa Tabata, mjane, anayeshonea barazani na redio yake pembeni. Ng'ambo ya njia palikuwa na duka la mama mmoja wa Kiarabu, wa ukoo wa wauza duka tangu enzi za babu zao. Sote tulimwita mama wa dukani.

Majirani hao wawili walinisalimia vizuri bombani. "Za asubuhi, jirani?" Nzuri. Basi, yaliishia hapo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga kwangu. Sikukuu ya Idi mama wa dukani aliniletea pilau, lakini alimpa fundi cherehani, naye akaiweka dirishani, akaniita kutoka mbali, na nilipotoka alikuwa ameshageuza mgongo. Mwaka mmoja niliugua malaria siku tatu mfululizo, nikalala na kuamka na jasho langu mwenyewe, na mlango haukugongwa. Nilipopona niliwanunia wote wawili. Mimi ni mwepesi wa kununa, na nikinuna sisemi. Nilikulia mahali ambapo jirani huja kuomba chumvi akaondoka maharage yameshaiva, yeye mwenyewe akiwa ameyala. Nikajiambia kwamba watu wa Dar ni wachangamfu barabarani, ila milangoni mwao na mwako hawana habari nawe.

Kwa hiyo nilibaki na viatu vyangu. Mwanzoni nilivipaka rangi kila Jumamosi. Baadaye nikaacha, kama wengi wanavyoacha kwenye ndoa zao. Ila sikusahau kuvisogeza: asubuhi nilivielekeza nje, jioni nilivielekeza ndani, na mvua ikinyesha niliviacha vilowe ili vionekane vimetoka njiani. Nilikuwa stadi wa kazi hiyo.

Mwaka huu, mwezi wa masika, nililetewa andiko refu kuhusu soko la mji mmoja wa mkoani. Walitaka kulifanyia kitu kinachoitwa revamp. Neno hilo lilikuwa kwenye kila ukurasa. Kwa kawaida nisingejisumbua, kwa sababu tuna neno letu la dharura, kuboresha, ambalo siku hizi linabeba kila mzigo. Barabara inaboreshwa, elimu inaboreshwa, choo kinaboreshwa, na mwisho wa yote mtu hajui kilichofanyika ni kipi. Neno hilo limenichosha. Siku hiyo lilinichosha zaidi, nikainuka mezani na kwenda kwenye kamusi yangu nene iliyochakaa jalada, nione hao wenye lugha yao walilitoa wapi hilo la kwao.

Nilikuta kwamba ni neno la washona viatu. Ukiondoa kile kipande cha mbele chenye maana ya tena, kinabaki vamp, nayo ni ile ngozi ya juu ya kiatu, inayofunika vidole na mgongo wa mguu. Waingereza wa kale waliliokota kwa Wafaransa, ambao waliunganisha maneno yao mawili, mbele na mguu. Kwanza lilikuwa la soksi, sehemu yake inayofunika mguu wenyewe, baadaye likahamia kwenye kiatu. Basi kulifanya jambo revamp, kwa asili yake, ni kung'oa ngozi ya juu iliyochakaa na kushona mpya juu ya soli ileile ya zamani. Wanaozungumzia masoko na mikakati siku hizi hawakumbuki tena kwamba wameshika kiatu mkononi.

Nilifurahi peke yangu pale, kama ninavyofurahi siku zote neno likinifungukia. Nikageuka nimwambie mtu. Mtu hakuwepo. Sijui kwa nini siku hiyo jambo hilo liliniuma kuliko siku nyingine, maana halikuwa geni. Nilifungua mlango nikasimama nje, na nikaviona viatu vyangu, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikivitazama kweli. Soli zilikuwa nzima. Ngozi ya juu ilikuwa imekufa, imekauka kwa jua na kukunjamana kwa mvua, imepasuka kwenye vidole. Mwizi gani angemwogopa mwanaume wa viatu vile? Angemhurumia.

Jumatatu nilivitia kwenye mfuko nikavipeleka Chang'ombe, kwenye karakana moja ndogo nyuma ya viwanda. Nilikuwa nimesikia kwamba mzee wa hapo hashoni viraka tu, hutengeneza viatu tangu mwanzo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Soli?"

"Hapana. Juu."

Alinyanyua uso. Akavitoa mfukoni, akavipindua, akapitisha kidole gumba kwenye ile namba iliyokuwa bado inasomeka.

"Mwenye navyo anafanya kazi gani?"

"Ofisini."

"Ofisi gani hiyo, anaendaga kwa kuruka?"

Nikasema anasafiri sana. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayempa mwongo nafasi amalize. Kisha akaviweka mezani vikitazamana. "Binti, viatu vinafaga chini. Miaka yote niko hapa, naletewa visigino, naletewa soli. Hivi vimekufa juu. Hivi havitembei, vinakaa tu nje."

Nilihisi kama amenivua ushungi mbele ya mafundi wake.

"Dada yangu anayo jozi yake mlangoni, Mbagala," akasema akiwa ameshachukua kisu. "Ya marehemu shemeji."

Nilimuuliza kazi ile wao wanaiitaje, ya kuondoa ngozi ya juu na kuweka nyingine, soli ikabaki ileile. Alifikiri kidogo. "Haina jina," akasema. "Watu hawaletagi." Akaniambia nirudi Ijumaa.

Nilirudi nyumbani nikiwa na kichekesho changu: nimetoka kutafuta neno kwa fundi mwenyewe, naye hana. Huku kwetu tunatembea mno. Kiatu kinaisha chini kabla hakijazeeka juu, na kitu kisichotokea hakihitaji jina.

Jumanne baada ya chakula cha mchana nilisikia hodi. Nilidhani nimesikia vibaya. Ikarudiwa. Nilipofungua, fundi cherehani alikuwa amesimama kizingitini na sahani ya mihogo iliyofunikwa, akichungulia ndani kushoto na kulia.

"Shemeji kasafiri?"

Ukweli nilikuwa nao mdomoni. "Kasafiri," nikasema.

"Nilijua. Tangu jana viatu vyake sivioni. Nikasema leo ngoja na mie nikamwone jirani yangu."

Akaingia, akakaa, akaweka mihogo mezani juu ya karatasi za soko la watu. Mwanzoni tulizungumza ya maji na ya mvua. Halafu akaanza kuomba radhi, nami sikujua ya nini.

"Usituchukulie vibaya, dada'angu. Sie tulikuwa tunaogopa kukuponza. Mtu haonekani, hasemi, viatu tu. Wewe hutoki, huchekagi na mtu. Tukajua huyo mwanaume ni mkali, hataki mkewe azoeane na watu. Mama wa dukani akasema tusiwe tunagonga akiwepo, usije ukala kipigo kwa ajili yetu. Hata redio, nikiona viatu vipo mchana, nazimaga. Si anafanya kazi za usiku?"

Nilizijua adabu hizo. Mama yangu mwenyewe, akienda kwa shoga yake akakuta viatu vya mume wa huyo shoga mlangoni, alisalimia kutoka uani akarudi zake. Mimi nilikuwa nimeshika sketi yake, nikarudi naye, mara ngapi sijui. Na bado kwa miaka sita halikunipitia kichwani kwamba niliyemweka mlangoni kuwazuia wezi alikuwa anawazuia na hawa.

"Hata ulipoumwa," akaendelea, "zile mvua za mwaka juzi, nilikupikia uji. Nilifika mpaka hapa. Nikaviona viatu, tena vimelowa, nikasema karudi sasa hivi, mwenyewe yupo, atamhudumia. Nikarudi nao."

"Uji wa nini?" nikauliza. Ni swali la kijinga, lakini ndilo lililotoka.

"Wa ulezi."

Siku hiyo niliikumbuka. Ilikuwa siku ya pili ya homa, nilitamani uji mpaka nikalia, nikashindwa kufika jikoni. Kumbe uji ulikuwa hatua moja kutoka kwenye mlango wangu, moto, umeshikwa kwa mikono miwili, ukageuzwa na viatu nilivyoviacha mvuani kwa ujanja wangu. Machozi yalinitoka. Jirani yangu akahama kiti chake akanikumbatia. "Mungu atakutoa, dada'angu," akasema. "Kuna mwisho." Na mimi nikamwacha anibembeleze kwa kipigo ambacho hakuna aliyewahi kunipiga. Nilikuwa na haya, lakini mkono wa mtu mgongoni mwangu ulikuwa mtamu, nami sikutaka uondoke.

Jumatano alirudi, safari hii na mama wa dukani, aliyekuja na birika la kahawa ya tangawizi na kashata kwenye karatasi. Nilimwamkia, akaitikia, akavua viatu vyake, akaketi kwenye mkeka akisema viti vya watu wa bara vinamuumiza kiuno. Alhamisi walikuja tena. Mama wa dukani anajua habari za mtaa mzima na anazitoa kwa mpangilio, kuanzia nyumba ya kona. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Nilikuwa nimesahau kwamba mbavu huuma kwa kucheka. Walipoondoka nilivikuta vikombe vitatu mezani, nikavitazama kwa muda kabla sijaviosha.

"Anarudi lini?" fundi cherehani aliniuliza akiwa mlangoni.

"Ijumaa," nikasema, kwa sababu ndiyo siku niliyoambiwa na mzee wa Chang'ombe.

Wakatazamana. Mama wa dukani akanishika mkono akaniambia nisubiri, subira ina malipo. Walikuwa wananiaga.

Usingizi ulinipaa. Nikisema ukweli, nimeuvua mlango wangu mlinzi wake. Mama wa dukani ni mtu mwema, lakini neno halikai kwake hata kwa muda wa chai kupoa, na akijua yeye, Kibamba nzima itajua kwamba kwenye nyumba ile kuna mwanamke na kompyuta na hakuna mtu mwingine. Tena wangenitazamaje, watu walioniombea dua kwa mateso niliyoyatunga? Na nisiposema, Ijumaa mlango utafungwa kama zamani, tofauti ni kwamba sasa nitajua walioko upande wa pili. Hilo la pili lilinitisha zaidi kuliko mwizi. Sikuwa nimetarajia.

Asubuhi niliwatumia watu wa soko kazi yao. Niliandika kuboresha, kila ukurasa. Nilikuwa na maelezo mazuri ya soli na ngozi, lakini hawakuwa wameyaomba.

Nilipofika Chang'ombe, mzee alikuwa amevifanya viatu vizuri mno. Ngozi mpya ilikuwa nyeusi ya kung'aa, mshono umenyooka, kamba mpya. Ungesema mwenye navyo amepandishwa cheo. Nilivibeba nikiwa nimeamua kuvificha uvunguni, nizungumze na majirani zangu, yaishe. Lakini nilipokaribia nyumbani niliwakuta wanaume wawili nisiowajua wameketi kwenye matofali ya kiwanja cha jirani, wakitazama nyumba zetu bila haraka. Huenda walikuwa mafundi wakimsubiri tajiri yao. Mikono yangu haikungoja kujua. Nilivitoa mfukoni nikaviweka mlangoni, vikielekea ndani.

Halafu nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nilivuka uwanja nikaenda kwenye baraza ya fundi cherehani. Redio ilikuwa imeshazimwa.

"Washa redio yako," nikamwambia.

"Si karudi? Nimeviona. Tena vipya."

"Hakuna aliyerudi. Hakuna shemeji. Hajawahi kuwepo, jirani, ni viatu tu. Nilivinunua mwenyewe."

Aliacha kukanyaga cherehani. Alinitazama usoni, akatazama mlangoni kwangu, akanitazama tena. Nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Miaka sita," akasema. "Miaka sita nazima redio." Alikuwa amekasirika kweli. "Na mie hapa mume wangu kafa, sina wa kuongea naye, na kati yetu ni uwanja tu. Nakuonea huruma, kumbe ningekuja tukae."

Nilimwomba radhi. Nilisema niliogopa, na nilisema pia kwamba nilidhani hawanitaki. Alikunja kitambaa kilichokuwa kwenye cherehani, akakikunjua, akakikunja tena. Mwishowe akasimama akajifunga kanga. "Viache viatu mlangoni," akasema. "Hao watu kwenye matofali na mie nimewaona, siwapendi. Mie najua sasa, inatosha. Mama wa dukani usimwambie, mdomo wake unaujua. Twende ukanipe chai."

Akavipita viatu bila kuvitazama, akaingia kama aliyeingia kwa dada yake. Nilikuwa nimepata vyote viwili, jirani na mlinzi. Nilibandika chai nikihisi nimeponea kwenye tundu la sindano.

Chai haijachemka tukasikia kandambili zinavuka njia. Nilizijua, ni hatua fupi za mtu mwenye kiuno kibovu. Zilifika uwanjani, zikakaribia mlango, na birika likagonga kitu kwa sauti ndogo, kama kengele ya bati. Nilingoja hodi. Haikuja. Hatua zilisimama kwa muda wa mtu kuangalia chini na kuona anachokiona, kisha zikageuka, polepole, kwa adabu, zikaanza kurudi zilikotoka na kahawa yake.

Fundi cherehani alitikisa kichwa kunikataza. Alikuwa na haki. Nje, wale watu walikuwa bado kwenye matofali, niliwaona kupitia dirishani.

Nilikwenda mlangoni nikafungua pande zote mbili.

"Mama, rudi," nikasema kwa sauti ya kutosha mtaa mzima. "Rudi. Naishi peke yangu."